Mali bila daftari: Nani mwenye haki ya kuuliza fedha za michezo?

MALI bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumeukuta kwenye kuta za maduka tangu Kigoma hadi Nyamirambo, na mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaujua hata kama hakukaa sana darasani. Anayevusha magunia mawili ya maharage anaandika. Anayekopesha vitenge anaandika. Hata asiyejua kuandika ana mtoto wa shule anayemwandikia jioni, baada ya kula.

Hata hivyo kuna mahali ambapo fedha nyingi za wananchi hupita kila mwaka, na ni wachache mno waliowahi kuliona daftari lake. Mahali hapo ni katika vyama vya michezo: mashirikisho ya taifa, kamati zinazosafirisha timu, na klabu zinazobebwa na wilaya zetu. Timu ikishinda tunacheza barabarani mpaka usiku. Ikifungwa tunamlaumu kocha, kisha golikipa, kisha mwamuzi. Ni mara chache sana tunauliza fedha ilipita mikononi mwa nani.

Kashfa ya michezo inapozuka katika ukanda wetu, mjadala hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka serikali iwafukuze viongozi wote kesho asubuhi. Kambi ya pili inasema serikali isiguse kitu, maana FIFA itaifungia nchi. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zinaacha njia iliyo wazi mbele yao. Anayelipa ana haki ya kuona daftari. Hana haki ya kushika firimbi. Mambo haya mawili ni tofauti, na kuyachanganya kumezigharimu nchi jirani, kama nitakavyoeleza.

Fedha hizi ni za nani?

Shirikisho la mchezo si idara ya serikali. Kisheria ni chama cha wanachama, chenye katiba yake, mkutano mkuu wake na uchaguzi wake. Rais wa shirikisho la soka hateuliwi na waziri. Huchaguliwa na wajumbe, wakiwemo wawakilishi wa klabu. Hivyo ndivyo ilivyo hapa Rwanda, hivyo ndivyo ilivyo Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi.

Lakini ukifuata fedha, sura inabadilika. Timu ya taifa inaposafiri kwenda kucheza ugenini, tiketi, hoteli na posho kwa sehemu kubwa hutoka katika hazina ya serikali kupitia wizara inayohusika na michezo. Uwanja inapochezea umejengwa kwa kodi. Uwanja wa Amahoro uliofunguliwa upya Julai 2024, wenye viti 45,000, hakuna shirikisho lililoujenga; umejengwa na taifa.

Kuna pia fedha za kutoka nje. Katika kipindi cha 2023 hadi 2026, FIFA ilitenga kwa kila nchi mwanachama hadi dola milioni 5 za uendeshaji, na hadi dola milioni 3 nyingine kwa miradi kama viwanja na vituo vya mafunzo. Hizi nazo si zawadi kwa viongozi. Zimetolewa kwa jina la vijana wanaocheza mpira katika nchi husika.

Fedha iliyo karibu zaidi nasi, na ambayo tunaisahau, ni ile ya wilaya. Etincelles ya hapa Rubavu, Espoir ya Rusizi, Musanze FC, Mukura ya Huye, Sunrise ya Nyagatare: timu kama hizi zimekuwa zikiegemea mifuko ya wilaya kwa miaka mingi. Wilaya inapanga bajeti, baraza la wilaya, yaani Njyanama, linaipitisha, na sehemu yake inakwenda kwenye timu. Na mfuko wa wilaya unajazwa na nani? Pamoja na ruzuku ya serikali kuu, unajazwa na ushuru wa soko, patante ya duka na ada ya kibanda. Mama anayeuza nyanya karibu na Petite Barrière anamlipa mshambuliaji wa wilaya yake, ajue asijue.

Kwa hiyo tunacho chombo ambacho kwenye karatasi ni chama cha watu binafsi, lakini kinaishi kwa fedha ya umma. Kikiulizwa na wananchi, kinajibu kwamba kina katiba yake. Kikiishiwa, kinakwenda serikalini kikisema kinabeba bendera ya taifa. Mwenye nyumba ya namna hiyo tunamjua: wageni wanapoleta zawadi nyumba ni ya ukoo, wanapoomba maji ya kunywa nyumba ni yake peke yake.

Jina moja Kinshasa, jingine Kigali

Wapo watakaosema kwamba mashabiki wanataka mabao, hawataki hesabu. Na tuyahesabu mabao basi.

Mwaka 2003 Amavubi ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Juni iliifunga Uganda 1-0 mjini Kampala, na Julai ikaifunga Ghana 1-0 mjini Kigali, yote mawili yakiwa mabao ya Jimmy Gatete. Januari 2004 tulikuwa Tunisia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Tukafungwa na wenyeji 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Guinea, tukaifunga Congo ya Kinshasa 1-0. Waliokuwa wamerejea nchini miaka michache kabla yake, wakiwa bado wanajifunza majina ya mitaa, siku hizo walijiona wako nyumbani bila kuulizwa kitambulisho.

Miaka kumi baadaye nafasi nyingine ilikuja. Mei 2014, katika kuwania fainali za 2015, Amavubi iliifunga Libya 3-0 mjini Kigali, na mabao yote matatu yalifungwa na mshambuliaji mmoja aliyekuwa akiichezea AS Vita Club ya Kinshasa. Raundi iliyofuata tukaitoa Congo ya Brazzaville kwa mikwaju ya penalti. Furaha haikudumu. Wacongo walikata rufaa, wakionyesha kwamba mchezaji huyo kwenye klabu yake alikuwa na jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Agosti 2014 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaiondoa Rwanda. Nafasi yetu wakapewa Wacongo, ambao walifuzu na kufika robo fainali ya mashindano hayo mwaka 2015.

Sisi tuliorejea tunajua uzito wa karatasi kuliko watu wengi. Wengi tuliosoma Tanzania tulikuwa na jina la shule na jina la nyumbani, na tuliporudi ilibidi tueleze kwa subira, ofisi kwa ofisi, kwamba watu hao wawili ni mmoja. Wapo waliopanga foleni miezi mingi kwa sababu ya herufi moja kwenye cheti cha ubatizo. Ndiyo maana tukio lile liliniuma zaidi ya kufungwa. Taifa linalomtaka mkulima alete mashahidi watatu ili aandikwe kijijini lilishindwa kulinganisha pasipoti mbili za mchezaji mmoja kabla ya kumpeleka uwanjani.

Na tuelewane: kosa hilo halikuwa la kiufundi. Hakuna kocha anayeweza kulizuia kwa mbinu za uwanjani. Lilikuwa kosa la daftari. Chama chenye orodha sahihi ya wachezaji wake, inayokaguliwa na mtu asiye na haja ya kushinda mechi ya Jumapili, kingeligundua mapema.

Septemba 2021 tuliona jambo la kufanana na hilo katika mpira wa wavu. Kigali iliandaa mashindano ya wanawake ya Afrika. Wenyeji walianza kwa ushindi, ukumbi ukawa unajaa. Timu za nje zikalalamika kwamba wachezaji wanne wa Rwanda ni raia wa Brazil ambao hawakuwa na haki ya kuichezea nchi hii. Mashindano yakasimama, yakaendelea bila wenyeji, na Cameroon ikachukua ubingwa katika ukumbi wetu wenyewe. Shirikisho likaadhibiwa kimataifa, na makamu wa rais wake akafikishwa mahakamani, ambako alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kilichopunguzwa kuwa miezi minane baada ya rufaa.

Mimi ni mwalimu, nimewahi kusimamia timu za shule, na katika tukio hilo ninawafikiria wasichana wengine waliokuwa kwenye timu ile. Walifanya mazoezi miezi mingi, hawakughushi kitu, na ndoto yao ilikatwa katikati kwa uamuzi uliofanywa mezani na watu wazima.

Kujiuzulu si kutoa hesabu

Machi 16, 2023 mkutano mkuu wa FIFA ulifanyika Kigali. Dunia nzima ya soka ilikuwa hapa. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 2023, rais wa shirikisho la soka la Rwanda akajiuzulu kabla ya kumaliza kipindi chake. Aliyemtangulia naye alikuwa amejiuzulu Aprili 2021. Katika mchezo wa baiskeli, ambao ndio fahari yetu nyingine, uongozi ulijiuzulu Desemba 2019, na rais aliyefuata naye akaondoka mwaka 2023.

Simtuhumu yeyote kati yao. Mtu anaweza kujiuzulu kwa sababu nzuri kabisa. Ninachosema ni kwamba sisi wananchi tumezoea kuchukua kujiuzulu kama jibu. Barua inasomwa redioni, tunasema haki imetendeka, na wiki inayofuata tunajadili nani anafaa kurithi kiti. Kiongozi ameondoka, lakini je, mikataba ilisainiwa vipi? Zabuni ya jezi alipewa nani? Deni limebaki kiasi gani? Aliyekuja baada yake hukuta kabati lile lile, na funguo mara nyingi kwa karani yule yule.

Katika biashara zetu hakuna anayekubali hilo. Mweka hazina wa ikimina akisema amechoka na anaondoka, hakuna mwanachama atakayempigia makofi na kumwacha aende. Ataambiwa: keti kwanza, tufungue kisanduku, tuhesabu pamoja, kisha nenda kwa amani.

Kenya: orodha ya wasafiri

Wenzetu wa Kenya wametupa masomo mawili, na yote mawili yaliwagharimu.

Somo la kwanza ni la Rio de Janeiro, mwaka 2016. Kenya ilirudi kutoka Olimpiki hiyo na medali 13, 6 kati yake zikiwa za dhahabu. Lakini nyuma ya medali hizo kulikuwa na vurugu. Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akakuta hana tiketi. Ilibidi mambo yasukumwe ndipo akasafiri, na akarudi na medali ya fedha. Kulikuwa na malalamiko kuhusu sare za timu ambazo hazikuwafikia wanamichezo zote, na baada ya michezo kumalizika baadhi ya wanariadha walilalamika kuhusu malazi duni waliyowekwa.

Kiti cha Yego kilikosekana ndege ikiwa na viti vya watu wengine. Kesi ilipofika mahakamani ilibainika kwamba msafara ulikuwa umebeba watu wasiohusika na mashindano, kwa gharama ya umma. Septemba 2021 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wa Michezo, Hassan Wario, na kumtoza faini ya shilingi milioni 3.6. Mkuu wa msafara, Stephen Soi, alitozwa faini ya shilingi milioni 105.

Angalieni miaka: kosa lilifanyika 2016, hukumu ikatoka 2021. Miaka mitano. Kama orodha ya wasafiri ingebandikwa ukutani wizarani wiki mbili kabla ya ndege kuondoka, jina kwa jina, na kazi ya kila mmoja mbele ya jina lake, nani angethubutu kujiandika? Karatasi moja ya bure ingefanya kazi iliyofanywa na mahakama kwa miaka mitano.

Kenya tena: firimbi iliponyang'anywa

Somo la pili ni kinyume cha la kwanza. Novemba 2021, baada ya ukaguzi wa hesabu za shirikisho la soka la Kenya, waziri wa wakati huo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho hilo na kuteua kamati ya muda iliyoongozwa na jaji mstaafu, Aaron Ringera. Wakenya wengi walishangilia. Walikuwa wamechoka.

Lakini kanuni za FIFA zinataka kila mwanachama ajiendeshe bila kuingiliwa na mtu wa tatu, na serikali ni mtu wa tatu. Februari 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya. Timu ya wanawake, Harambee Starlets, ilikuwa icheze na Uganda kuwania kufuzu fainali za Afrika. Haikucheza, Uganda ikapita. Timu ya wanaume iliondolewa katika kuwania fainali za Afrika zilizofuata, na kundi lao wakabaki Cameroon, Namibia na Burundi peke yao. Klabu zao hazikucheza mashindano ya CAF msimu huo. Kifungo kiliondolewa Novemba 2022, baada ya waziri mpya kuurudisha uongozi ule ule uliokuwa umevunjwa.

Yaani kwa mwaka mzima waliolipa gharama ni wachezaji, na mwisho wa mwaka mambo yalirudi yalipoanzia. Huo ndio ubaya wa kushika firimbi. Serikali ikimwondoa kiongozi kwa amri, kiongozi huyo huyo anageuka kuwa mtetezi wa uhuru wa michezo, na swali la fedha linasahaulika.

Wapo watakaosema FIFA yenyewe haina usafi wa kumfundisha mtu. Ni kweli. Mei 27, 2015 maofisa wake walikamatwa hotelini mjini Zurich, dunia ikishuhudia. Lakini baada ya aibu ile, FIFA iliweka ukomo wa vipindi vitatu vya miaka minne kwa rais na wajumbe wa baraza lake, na ikaimarisha ukaguzi wa hesabu za fedha inazozipeleka kwa wanachama. Kama aliyekamatwa hadharani amelazimika kufungua daftari, sisi tunasubiri nini?

Tanzania: kulipa kwa mkono wenyewe

Kwa jirani yetu wa mashariki kuna mfano mwingine, mdogo lakini wa manufaa. Waliokulia huko wanakumbuka miaka ya migogoro ya chama cha soka, enzi za FAT, ambapo habari za mahakamani zilikuwa nyingi kuliko za uwanjani. Mwaka 2004 chama kilibadili katiba na jina, kikawa TFF, na Leodegar Tenga, nahodha wa zamani wa Taifa Stars, akachaguliwa kukiongoza.

Mwaka 2006 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilitaka kuisaidia timu ya taifa ipate kocha wa kigeni. Haikumwaga fedha katika mfuko wa jumla wa shirikisho na kusubiri. Ilikubali kubeba mshahara wa kocha, na Mbrazili Marcio Maximo akaajiriwa. Wadhamini nao wakajitokeza kuibeba timu. Mwaka 2009 Tanzania ilicheza fainali za kwanza za CHAN nchini Ivory Coast.

Sisemi kwamba soka la Tanzania lilipona magonjwa yote; migogoro ilirudi baadaye. Lakini jambo moja lilionekana wazi. Serikali ilijua inalipia nini, shirikisho likaendelea kupanga mambo ya uwanjani, na hakuna aliyefungiwa. Mlipaji alishika daftari, firimbi akawaachia wenyewe.

Kufuli tatu

Tunapozungumza juu ya utawala bora, watu hudhani ni jambo la semina za hotelini. Kumbe wafanyabiashara wadogo wa mpakani wanao utawala bora kuliko mashirikisho mengi. Tazama kikundi cha akiba, tukiite ikimina, VICOBA au likelemba. Vikundi vingi vina kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao si ndugu. Mwenye kisanduku hana ufunguo. Kinafunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha inahesabiwa kwa sauti, na karani anaandika huku kila mtu anasikia. Mkopo wa mweka hazina unajadiliwa akiwa nje ya mlango.

Humo ndani kuna kila kitu ambacho wataalamu wanakihubiri: mgawanyo wa madaraka, uwazi, ukaguzi, na kuzuia mgongano wa maslahi. Akina mama wameyapata hayo kwa uzoefu wa kuibiwa, bila semina wala posho.

Kwa vyama vya michezo vinavyokula fedha ya umma, kufuli tatu zingekuwa hizi.

Kufuli ya kwanza ni bajeti na hesabu zilizo wazi. Kabla ya msimu, chama kiseme kimepata kiasi gani kutoka wapi na kitatumia kwa nini. Baada ya msimu, mkaguzi wa nje asome, na taarifa ibandikwe mahali mtu wa kawaida anapopita, si kwenye kabati la katibu.

Kufuli ya pili ni orodha. Orodha ya wachezaji na vyeti vyao, ikaguliwe na mtu asiye wa benchi la ufundi. Orodha ya wasafiri na posho ya kila mmoja, itolewe kabla ya safari. Tumeona ya mwaka 2014, ya 2021 na ya Rio: yote matatu yalikuwa matatizo ya orodha.

Kufuli ya tatu ni watu. Ukomo wa madaraka uheshimiwe. Mwenye kampuni ya kuuza jezi asikae kwenye kamati ya zabuni ya jezi. Na mpiga kura katika mkutano mkuu asipewe bahasha na mgombea usiku wa kuamkia uchaguzi, ikaitwa nauli.

Kiti chetu tayari kipo

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Wengi tunaamini mkutano mkuu wa shirikisho uko mbali, Kigali, na sisi hatuna mlango wa kuingilia. Mlango upo. Wajumbe wanaopiga kura humo ni pamoja na wawakilishi wa klabu, na klabu kadhaa kati ya hizo zinaishi kwa fedha ya wilaya. Kwa maneno mengine, ushuru wa soko una kiti katika mkutano ule. Anayekikalia ni mwakilishi wa timu yetu, na hakuna aliyewahi kumuuliza alimpigia kura nani, kwa sababu gani, na aliporudi alileta taarifa gani.

FIFA haiwezi kuifungia nchi kwa sababu baraza la wilaya limeiuliza timu yake: faranga tulizowapa zimekwenda wapi? Huko si kuingilia shirikisho, ni kusimamia fedha ya wilaya, kazi ambayo baraza limechaguliwa kuifanya. Kadhalika baraza linaweza kuweka sharti katika makubaliano na klabu: fedha ya robo ya pili haitoki mpaka hesabu ya robo ya kwanza imesomwa. Hilo ni sharti ambalo muuza sukari wa jumla anamwekea mteja wake kila wiki.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeyasikia. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wapenzi wa timu moja inayosaidiwa na wilaya. Taarifa ya fedha ilikuwa na mistari mitatu: mishahara, usafiri, mengineyo. Mstari wa mengineyo ulikuwa mkubwa kuliko wa usafiri. Mama mmoja mfanyabiashara wa nyanya akasimama, akauliza kwa adabu, "Bwana Mwenyekiti, viatu vya vijana viko kwenye mstari gani?" Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akamjibu, "Mama, mpira si biashara ya nyanya." Mama akasema, "Ndiyo, Bwana Mwenyekiti. Nyanya zangu mimi nazihesabu." Akaketi. Viatu havikujulikana viko mstari gani, na ajenda ikaendelea.

Jibu jingine ni kwamba viongozi wa michezo ni watu wa kujitolea, na ukiwabana wataondoka. Wapo wa kujitolea kweli, nawaheshimu. Nimewaona wakitoa nauli mifukoni mwao. Hao daftari ndilo linalowalinda. Siku uvumi ukizuka kwamba fedha imeliwa, mwenye daftari anafungua ukurasa na maneno yanakwisha. Asiye nalo anaapa kwa Mungu.

Jibu la tatu ni kwamba ukaguzi ni ghali kwa timu ndogo. Lakini kusoma hesabu kwa sauti mbele ya wanachama kunagharimu nini? Katika kila wilaya kuna walimu wa hesabu, kuna wahasibu wa vyama vya ushirika, kuna vijana waliomaliza masomo ya uhasibu na hawana kazi.

Wakati ni huu

Fedha nyingi zaidi zinakuja. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja haki ya kuandaa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na Agosti 2025 zilikwisha kuandaa pamoja fainali za CHAN. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Viwanja vinajengwa, barabara zinatengenezwa, na sisi wa mpakani tutauza maji, jezi na vyakula. Ni jambo la heri. Lakini kila penye ujenzi mkubwa pana saruji inayopotea, na penye misafara mikubwa pana majina yasiyojulikana.

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Maana yake ni kwamba kila mwaka, kabla ya siku hiyo, baraza la wilaya yako hukaa na kupitisha bajeti. Mjumbe wako unamjua; pengine ananunua dukani kwako, pengine mnakutana kwenye umuganda. Muulize mambo mawili tu. Mwaka huu timu yetu inapewa kiasi gani? Na hesabu ya mwaka jana ilisomwa lini, mbele ya nani?

Akikujibu kwa tarehe na tarakimu, mshukuru na uende uwanjani ukashangilie. Akikuambia mpira si hesabu, muulize tena mwakani, na umchukue jirani yako mwende wawili.

*Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Rubavu.*